Je, Wahesabiwe Watu au Mahali?

Liko swali moja tuliloulizwa barazani na mzee mmoja, mtu apendaye kusikiliza habari za ulimwengu, nalo limetushinda kulijibu kwa neno moja. Tulikuwa tukimweleza jinsi Rais wa Marekani alivyopatikana mwaka 2000: ya kuwa Al Gore alipata kura nyingi kuliko George W. Bush, akimzidi kwa kura laki tano na elfu arobaini na zaidi, walakini Bush ndiye aliyeapishwa. Yule mzee akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, basi hao waliozidi walihesabiwa ya nini?"

Kwanza yafaa tueleze jambo lenyewe lilivyo, maana wengi hulisikia nusu nusu. Mmarekani aendapo kupiga kura ya Rais, kwa hakika hamchagui Rais mwenyewe, bali huchagua wajumbe wa jimbo lake, na wajumbe hao ndio wamchaguao Rais. Kila jimbo lina wajumbe sawasawa na hesabu ya watu wake walio katika Bunge la nchi, yaani wale wa Baraza la Wawakilishi, ambao hugawanywa kwa wingi wa watu, pamoja na wawili wa Seneti, ambao kila jimbo huwapata, liwe kubwa, liwe dogo. Mji wa Washington, ambao si jimbo, ulipewa wajumbe watatu kwa badiliko la Katiba la mwaka 1961. Jumla yao ni 538, naye apataye 270 ameshinda. Tena karibu majimbo yote hushika desturi hii: aliyewazidi wenzake katika jimbo, ijapokuwa kwa kura moja, huwachukua wajumbe wote wa jimbo hilo. Ni Maine na Nebraska tu yawagawayo.

Ili tufahamu maana yake, tufikiri kijiji chenye vitongoji vitatu kinachotaka kumchagua mtunza kisima. Kitongoji cha kwanza kina watu tisini, cha pili ishirini, cha tatu ishirini, na kila kitongoji kina neno moja. Wale tisini wote wamtaka Yakobo. Katika vitongoji vidogo, kumi na mmoja wamtaka Petro na tisa wamtaka Yakobo, huku na huku. Basi Petro amepata vitongoji viwili, Yakobo kimoja. Petro atatunza kisima kwa watu ishirini na wawili, na watu mia moja na wanane walimkataa. Huko Marekani mambo hayakufika mbali hivyo, kwa kuwa jimbo kubwa lina wajumbe wengi, lakini njia ni ile ile. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1876, na 1888, na 2000, na tena mwaka 2016, Hillary Clinton alipomzidi Donald Trump kwa kura karibu milioni tatu, naye Trump akawa Rais.

Wako wanaoutetea utaratibu huu, wala tusiwadharau. Wasema ya kuwa nchi yao si lundo la watu tu, bali ni agano la majimbo, na jimbo dogo lisingeingia katika agano kama lingalijua kwamba litamezwa. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2020, California ilikuwa na watu milioni thelathini na tisa na nusu, na Wyoming haikufika laki sita. Ukigawanya, mjumbe mmoja wa Wyoming huwasimamia watu kama 192,000, na mjumbe mmoja wa California watu kama 732,000. Mtu wa California huona hapo dhuluma. Mtu wa Wyoming huona ukuta wa shamba lake. Nasi tunaokaa vijijini twaijua hofu hiyo ya mtu wa mahali padogo, ya kuwa watu wa mjini, kwa wingi wao, wataamua kila neno, mpaka njia ya maji yetu. Hofu hiyo si ya upuzi. Jirani zetu wa Kenya waliisikia pia walipoandika Katiba yao ya mwaka 2010, wakaijibu kwa namna nyingine: Rais sharti apate zaidi ya nusu ya kura zote za nchi, na pamoja na hayo apate angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Hapo watu wamehesabiwa na mahali pamehesabiwa, wala mahali hapakuruhusiwa kuwashinda watu.

Lakini tuulize, je, ukuta ule wa Wyoming wamlinda kweli? Watakao urais hawaendi Wyoming kuomba kura, maana yajulikana mapema itakwenda upande gani. Huenda Pennsylvania, Michigan, Wisconsin, kwenye majimbo yenye shaka, wakarudi huko tena na tena. Na wale walio wachache ndani ya jimbo lao, wawe wa jimbo kubwa au dogo, kura zao huanguka chini kama mbegu juu ya mwamba. Mwaka 2020 Trump alipata kura zaidi ya milioni sita katika California, nyingi kuliko alizopata Texas, na zile kura milioni sita hazikumpatia hata mjumbe mmoja. Basi tusidhani ya kuwa ni watu wa chama kimoja tu waonewao.

Watetezi wana neno jingine, nalo lina nguvu zaidi. Wasema, sheria ilijulikana kabla ya mashindano. Wakimbiaji wakikubaliana ya kuwa atakayefika kwanza mbuyuni ndiye mshindi, hawezi mmoja kusema baadaye, "Lakini mimi nilikimbia kwa madaha zaidi." Kwa upande wa aliyeshindwa twakubali neno hili kabisa. Mwaka 2000 jimbo la Florida, lenye karibu kura milioni sita, liliamuliwa kwa kura 537. Mahakama ya Juu ikakata neno tarehe 12 Desemba, majaji watano kwa wanne, hesabu isiendelee. Na kesho yake Gore akatangaza ya kuwa amekubali, ijapokuwa hakuiona hukumu kuwa ya haki. Tarehe 6 Januari 2001 ikawa zamu yake, kwa kuwa alikuwa Makamu wa Rais, kukaa kiti cha mbele katika Bunge na kuzisimamia kura za wajumbe zikihesabiwa. Akatangaza kwa kinywa chake mwenyewe ya kuwa Bush ameshinda. Wenzake walisimama kupinga, naye akawanyamazisha mmoja baada ya mmoja, maana hawakutimiza masharti ya sheria. Twaweza kumlinganisha na yaliyotokea katika jengo lile lile tarehe 6 Januari 2021, watu walipovunja milango ili hesabu isimalizike, hali mshindwa wao alikuwa ameshindwa kwa njia zote mbili, kwa wajumbe na kwa kura milioni saba za watu.

Walakini, kumfunga mshindwa ni jambo moja, na kuihesabia haki sheria yenyewe ni jambo lingine. Mapatano hupata haki kwa wale waliopatana. Basi yatupasa kuuliza, ni nani waliokuwapo?

Katiba iliandikwa Philadelphia mwaka 1787. Waandishi walikuwa na sababu nyingi. Nchi ilikuwa pana na barabara mbovu, wakaogopa watu wasiwajue vema wa mbali. Tena hawakutaka Bunge limchague Rais, asije akawa mtumishi wa Bunge. James Wilson wa Pennsylvania alitaka watu wote wachague, akashindwa. Lakini iko sababu nyingine, nayo ilitajwa waziwazi na James Madison, mtu wa Virginia. Alikiri ya kuwa watu wenyewe ndio wafaao zaidi kumchagua Rais. Shida, alisema, ni kwamba majimbo ya kusini hayatapata nguvu katika uchaguzi kwa ajili ya watu wao weusi. Maana yake, watumwa hawapigi kura. Kura za watu zikihesabiwa, kusini itakuwa na kura chache. Lakini majimbo yakipewa wajumbe kwa hesabu ya wakazi, na watumwa wakiingizwa katika hesabu hiyo, kusini haitapungukiwa. Nao walikuwa wamekwisha kuafikiana ya kuwa watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu.

Msomaji, simama hapa kidogo. Mtu aliyefungwa kwa mnyororo alimwongezea bwana wake uzito katika kumchagua mtawala, na kwa kadiri bwana alivyonunua watu wengi zaidi, ndivyo jimbo lake lilivyosikiwa zaidi. Katika miaka 36 ya kwanza ya nchi ile, kwa miaka 32 Rais alikuwa mtu wa Virginia mwenye watumwa. Hatusemi hesabu hii pekee ndiyo iliyowaweka. George Washington angechaguliwa kwa njia yo yote. Lakini haikuwazuia.

Na baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, jambo hili, badala ya kupona, lilizidi kuwa baya kwa namna moja. Tangu badiliko la Katiba la mwaka 1868 mtu mweusi alihesabiwa mtu mzima, si sehemu tatu za tano. Muda si muda majimbo ya kusini yakamzuia asipige kura, kwa kodi, kwa mitihani ya kusoma iliyokusudiwa ashindwe, na kwa vitisho. Hata ikapitishwa sheria ya haki ya kura mwaka 1965. Muda wote huo alikuwa akiliongezea jimbo wajumbe, kamili sasa, nao waliotumia uzito wake ni wale wale waliomfukuza mlangoni. Kama kura za watu ndizo zingalihesabiwa, jimbo lililowazuia watu wake lingalijipunguzia nguvu lenyewe. Kwa hesabu ya wajumbe halikupoteza kitu. Tulipofika hapa tulimkumbuka yule mzee na swali lake, nasi tukaona ya kuwa aliuliza kubwa kuliko alivyojua.

Basi mbona hawakuigeuza? Walijaribu. Mwaka 1969 Baraza la Wawakilishi lilikubali, kwa kura 338 dhidi ya 70, ya kuwa Rais achaguliwe kwa kura za watu. Mwaka uliofuata katika Seneti hoja ikazuiwa kwa hotuba zisizokoma, za watu wa kusini na wa majimbo madogo. Mwaka 1979 Seneti ikapiga kura, 51 kwa 48, na sheria yataka theluthi mbili. Ajabu ni kwamba safari hiyo baadhi ya viongozi wa watu weusi nao walipinga badiliko, kwa kuwa watu wao walikuwa wamekwisha kuwa wengi katika miji ya majimbo makubwa, wakaona ya kuwa waweza kuyapindua majimbo hayo huku au huku. Hatuwalaumu sana, aliyepigwa kwa fimbo miaka mia mbili akiishika siku moja, si rahisi aitupe.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Kila mtu huipima sheria hii kwa jicho la faida yake. Donald Trump mwaka 2012 aliandika ya kuwa utaratibu wa wajumbe ni balaa, na mwaka 2016, alipokwisha kuupata urais kwa huo, akausifu kuwa wa akili nyingi. Lakini fimbo hii haina mwenyewe. Mwaka 2004 Bush huyo huyo alimzidi John Kerry kwa kura milioni tatu katika nchi nzima, naye nusura aukose urais: kama watu elfu sitini tu wa Ohio wangaligeuka, Kerry angalipata wajumbe 272.

Kwa sasa wanaotaka badiliko wameshika njia ya kando. Tangu mwaka 2007 majimbo kadha wa kadha yamefanya mapatano ya kuwa wajumbe wao watampa aliyepata kura nyingi katika nchi nzima, ila mapatano hayo yasianze mpaka wajumbe wa majimbo yaliyojiunga watimie 270. Maine ilipojiunga mwaka 2024 walifika 209. Karibu yote yaliyojiunga kufikia mwaka huo yalikuwa ya upande wa chama cha Democratic, kwa kuwa ndicho kilichoumizwa mara mbili kwa karibu.

Mwaka ule ule Trump alipata wajumbe 312, na kura nyingi za watu pia. Hapakuwa na aliyenyang'anywa, wala kidonda kibichi. Kwa maoni yetu huo ndio ulikuwa wakati mwema wa kukaa na kulizungumza jambo hili bila hasira. Lakini kwa kuwa hakuna aliyeumia, wengi hawakulitaja tena.