Kosa la Bingwa na Ndimi za Watazamaji

Amma baad. Mwaka 1998 Zinedine Zidane, Mfaransa mwana wa Waaljeria, alitia mabao mawili kwa kichwa katika fainali ya Kombe la Dunia, Ufaransa ikaishinda Brazil 3-0, akasifiwa mno. Mwaka 2006, mjini Berlin, kwa kichwa kile kile alimpiga kifuani mchezaji wa Italia kwa hasira. Refa akamtoa uwanjani, na hiyo ni haki. Lakini ndimi nyingi zilizomsifu zikageuka kumtukana.

Amepokea Abu Huraira (R.A.) kwamba mlevi mmoja aliletwa kwa Mtume (S.A.W.), akapigwa kwa kosa lake. Alipokwisha kuondoka, baadhi ya watu wakamwapiza. Mtume akawakataza wasimsaidie Shetani juu ya ndugu yao. Basi adhabu haikuachwa, na matusi hayakuruhusiwa.

Hali kadhalika bingwa: kosa lake lisiitwe jema kwa ajili ya mabao, wala umaarufu wake usiwe sababu ya kuzidishiwa adhabu. Amsifuye mja kupita mpaka, humlaumu kupita mpaka. Na aonaye aibu ya mwenziwe, na akumbuke yake aliyositiriwa na Mola wake.

Wallahu aalam.