UGONJWA USIOONEKANA KWENYE PICHA



Kuna ugonjwa ambao waganga wanauita fibromialjia. Mtu anaumwa mwili mzima, mabega, mgongo, nyonga. Analala usiku kucha na kuamka amechoka kama hakulala. Damu ikipimwa, haina neno. Picha ya radio haionyeshi kitu. Basi watu wa nyumba wanaanza: huyu ni mvivu. Wengine: amelogwa.

Je, tuyaamini maumivu ambayo mashine haikuyaona? Sheria yetu imekwisha kutuonyesha njia. Asiyeweza kusimama anaswali kwa kukaa. Asiyeweza kukaa, anaswali kwa kulala ubavu. Nani amewahi kumdai karatasi ya laboratwari mlangoni mwa msikiti? Ni yeye anayejua mwili wake. Basi kwa nini neno lake litoshe katika swala, lakini lisitoshe mbele ya kinu cha sombe?

Waganga nao wanasema maumivu hayo ni ya kweli: ubongo na mishipa ya fahamu inayazidisha, hata mguso mdogo unaweza kufika kama pigo.

Na mwisho wake ni nini? Hauui. Hauharibu viungo wala misuli. Lakini dawa ya kuumaliza haijapatikana, na wengi wanaishi nao miaka mingi, leo siku nzuri, kesho mbaya. Wako wanaopata nafuu. Hapo kwenye siku nzuri ndipo mume anapokosea: «Jana ulitwanga, leo unakataa?» Ndiyo, jana aliweza. Leo hawezi. Hakusema uongo.

Wenye huruma pia wana kosa lao, wanapomwambia alale tu asiguse kitu. Mwaka 2016 waganga wa viungo wa Ulaya walitoa mashauri, na lililopewa nguvu kuliko yote ni mazoezi ya mwili. Kutembea kidogo, kuongeza polepole. Kukaa kitandani siku zote kunamdhoofisha.

Sisi tunajua kuzuru mgonjwa: siku tatu, uji, dua, basi. Lakini huyu hafi wala haponi. Mwaka wa tano, nani bado anapita kwake? Hata «upone haraka» yetu imekuwa kama lawama masikioni mwake. Afadhali tumuulize: mama, leo unaweza nini? Na maji asiyoweza kubeba, kijana wa jirani ayachote, leo, na kesho, na mwaka ujao pia.