Ngano na Kongoro Katika Bakuli Moja

Tulipanga foleni karibu saa nzima, mimi na rafiki yangu niliyesoma naye sekondari kule Mbulu. Mgahawa huu wa Dar es Salaam umepata jina kwa rameni yake. Mpishi hawaigi Wajapani kwa kila kitu. Badala ya mifupa ya nguruwe huchemsha kongoro usiku kucha, mpaka supu iwe nzito ya kunata midomoni, kisha hutia tambi za ngano, yai, mchicha na pilipili mbuzi.

Nilionja, nikafumba macho. "Hiki ni chakula cha kwetu," nikasema. "Ng'ombe na ngano. Hanang nzima imo humu."

Rafiki yangu ni Mbarabaig. Aliweka kijiko chini. "Kwetu hivyo viwili havijawahi kupatana," akasema, akaendelea kula.

Nilijua anachosema. Kuanzia miaka ya 1970, serikali kupitia NAFCO, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, na kwa msaada wa Kanada, ilifungua mashamba saba ya ngano katika nyanda za Basotu, takriban ekari 100,000. Nchi ilitaka kujitosheleza kwa mkate. Lakini nyanda zile zilikuwa malisho mazuri kuliko yote ya Wabarabaig, waliohama na mifugo kwa majira. Malisho yaliyoachwa yapumzike, machoni pa mpangaji yalionekana hayana mwenyewe. Njia za kwenda majini na kwenye chumvi zikafungwa. Trekta zikapita hata juu ya bung'eda, makaburi ya wazee wanaoheshimiwa. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, wakashinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi huo.

Baba yangu alitoka Dongobesh akaenda kuendesha kombaini kwenye mashamba hayo. Mshahara wake ulilipa ada yangu. Unga aliorudi nao ndio uliopika chapati za Krismasi, na mpaka leo harufu ya chapati kwangu ni harufu ya baba kurudi nyumbani.

Je, mtu anadaiwa kwa kitu ambacho hakukiiba, ila kilimlea? Jibu la haraka ni hapana. Mtoto harithi kosa, na baba mwenyewe alikuwa kibarua tu, hakupima ardhi ya mtu. Isitoshe, ngano nyingi inayosagwa nchini hutoka nje. Huenda tambi hizi hata hazijui Hanang iko wapi. Kwa hoja hizo ningeweza kujisafisha kabla yai halijaisha.

Lakini kilichonikaa rohoni hakikuwa unga. Kilikuwa mizani. Mjini walipotamani mkate, tamaa yao iliitwa mahitaji ya taifa. Wabarabaig walipotaka maziwa na majani, matakwa yao yaliitwa mila. Wote walitaka kula. Aliyeshinda ni yule ambaye chakula chake kilipewa jina kubwa zaidi. Na ulimi nao hufundishwa: rameni yenyewe ilienea Japani baada ya vita vilivyoisha mwaka 1945, ikitegemea sana ngano ya Marekani. Tunachokiona kama hamu yetu tu, mara nyingi kuna mtu alikwishakiamua mezani, na mwingine akakilipia.

Mimi nilishiriki kuyatoa majina hayo. Kidato cha tatu tulikuwa na mdahalo kuhusu kilimo na ufugaji. Nilisimama nikasema maneno ya baba: kule Basotu kulikuwa pori tupu kabla ya ngano. Darasa lilipiga makofi, tukashinda. Rafiki yangu alikuwa amekaa upande wa pili.

Sidhani deni langu ni kususa chapati. Yeye mwenyewe hakususa. Bakuli lake lilibaki jeupe. Deni langu ni lile neno "tupu". Mashamba yalihitaji trekta, lakini kabla ya trekta yalihitaji neno hilo, na hilo nililitoa kinywani mwangu bila kulazimishwa.

Bili ilipokuja nilitoa pesa za wote wawili. Akanisukumia mkono. "Sikudai rameni," akasema.

"Ule mdahalo," nikamwambia. "Nilikosea. Halikuwa pori."

Alinyamaza kidogo, akihesabu noti zake. "Mzee bado anasema lilikuwa pori?"

"Bado."

"Basi mwambie na yeye."

Kusema mjini, mbele ya supu nzuri, ni rahisi. Krismasi nitakuwa Dongobesh. Nitamwamkia, atanijibu marahaba, mama ataleta chapati. Baba ataanza, kama kila mwaka, kusimulia jinsi kombaini yake ilivyofungua pori lile. Nitalazimika kumkatiza mzee aliyenisomesha, nikiwa na ngano mkononi.