Saini ya Mkutano Tusiouhudhuria

Ndugu zangu wa Manundu, nanyi jirani zetu wa vijiji vya Korogwe na Handeni, lipo jambo tulilolizoea hata halituchomi tena. Karatasi ya mahudhurio hupitishwa nyumba kwa nyumba, au huletwa sokoni tukiwa kwenye biashara zetu, nasi huandika majina na kutia saini kwamba tulikuwepo kwenye mkutano mkuu. Hatukuwepo. Pengine hata mkutano wenyewe haukufanyika. Aliyeileta ni mtu tunayeheshimiana naye, na kumkatalia twaona ni kumvunjia heshima; basi twatia saini, tukiamini tumemfanyia hisani.

Tuiangalie vizuri hisani hiyo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani ninyi wakazi mliotimiza miaka 18. Wenzetu wa Handeni wanajua uzito wa kifungu hicho. Mgeni akiomba ekari nyingi, kinga ya mjane na ya kijana ambaye bado hajapata shamba ni mkutano ule, na muhtasari wenye majina ya waliohudhuria ndio ushahidi wake. Saini iliyotolewa kwa kuoneana haya hapo hugeuka idhini. Siku mpaka unapowekwa, sisi ndio wa kwanza kulia kwamba tumedhulumiwa, ilhali karatasi inasema tulikuwepo na tukakubali.

Huku kwetu mjini Manundu mambo hayako mbali na hayo. Kaya maskini za kuingizwa katika mpango wa TASAF hutajwa mbele ya wananchi, kwa kuwa jirani ndiye ajuaye nani analala njaa. Halmashauri hutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Wananchi wasipojitokeza kufuatilia nani ananufaika na hayo, wachache huamua, na wachache huwakumbuka walio karibu nao. Sisemi kila kiongozi ana nia mbaya. Wapo wenyeviti wa mitaa wanaojitolea kwa posho isiyotosha hata nauli, wakaitisha mkutano mara tatu na wasipate akidi. Mwishoni, kwa kuogopa kazi za wananchi zisikwame, wanajaza karatasi. Nia hiyo naielewa, na lawama ya akidi kukosekana ni yetu kabla ya kuwa yao. Hata hivyo, jambo jema halijengwi juu ya ushahidi wa uongo, kwa maana njia hiyo hiyo ndiyo atakayoipita mwenye nia mbaya kesho.

Novemba 27, 2024 tulipiga kura za serikali za mitaa. Wapo waliofurahi, na wapo waliosononeka kwa sababu wagombea wao walienguliwa. Manung'uniko yao yanastahili kusikilizwa, si kudharauliwa. Lakini kura ni siku moja katika miaka mitano. Mkutano mkuu hutakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, maana yake mara 20 kabla hatujarudi kwenye sanduku. Hapo hakuna anayeulizwa kadi ya chama. Mapato na matumizi husomwa, na yeyote ana haki ya kusimama na kuuliza fedha ya darasa imeishia wapi. Wazee wetu walikaa bila halmashauri zao za wilaya tangu zilipofutwa mwaka 1972 hadi sheria za mwaka 1982 zilipozirejesha. Sisi tumezikuta, na mikutano yetu tukaiacha na viti vitupu.

Najua mama lishe hawezi kuacha moto wake, na kwa kijana wa bodaboda, saa moja ni mkate wa watoto. Hao wana udhuru, na ni haki yao kudai mkutano upangwe saa wanayoweza kufika. Mwenye udhuru aseme hakuwepo; hakuna fedheha ndani yake. Fedheha ni kuandika kwamba ulikuwepo. Na tukilea watoto wanaotuona tukitia saini jambo tusilolijua, tutawakemea kwa uso gani wakiiba mtihani?

Basi karatasi ikija, tuikatae kwa upole: "Samahani ndugu yangu, sikuwepo." Na mkutano ujao ukiitwa, tuombe muhtasari wa uliopita usomwe pamoja na majina, kila aliyetajwa asimame aonekane. Kiongozi mwaminifu hatachukizwa na ombi hilo. Litamlinda yeye kwanza. Jina ambalo mwenyewe hakuwepo lifutwe mbele ya wote, na kama waliobaki hawatimizi akidi, maamuzi ya siku ile yaletwe upya tuyajadili.