Samaki Apandaye Mto ni Mali ya Nani?

Kila mwaka, mvua zinapoijaza mito ya Nyanda za Juu za Kusini, samaki aitwaye mbasa huyaacha maji makuu ya Ziwa Nyasa, hukusanyika milangoni mwa mito, kisha hupanda kwenda kutaga. Wavuvi waujua wakati wake kama mkulima ajuavyo wakati wa kupanda mahindi, nao humngoja. Juma hili twapenda kuwauliza wasomaji wetu swali ambalo kwa mara ya kwanza laweza kuonekana kuwa la wavuvi peke yao. Samaki huyu, akiwa njiani kwenda kuzaa, ni mali ya nani? Je, ni ya yule aliyetangulia kutandaza wavu, au wako wengine wenye haki juu yake?

Kwanza yafaa tumjue samaki mwenyewe. Mbasa ana magamba ya rangi ya fedha, ni mwepesi wa mbio, na hula samaki wadogo kama usipa. Mkubwa wake hukaribia nusu mita. Wazungu waliofika ziwani walimwita samoni wa ziwa. Si kwamba ni wa ukoo mmoja na samoni wa bahari za kaskazini, bali tabia zao zafanana: huyu naye huishi katika maji mapana na kuzaa katika maji ya mto. Hutafuta mahali penye changarawe safi na maji yaendayo kasi, hutaga mayai yake huko, na watoto wake huteremka hata ziwani. Tena kutaga hakumwui, kama kunavyowaua samoni wengi wa Bahari ya Pasifiki. Akiachwa, hurudi ziwani, naye aweza kupanda tena.

Ziwa lenyewe ni kubwa mno. Urefu wake wapita kilomita 550, na kina chake chafika mita 700 hivi. Mtu akisimama Matema, wilayani Kyela katika Mkoa wa Mbeya, akaiona Milima ya Livingstone inavyoteremka hata majini, hudhani ya kuwa utajiri wa maji yale hauna mwisho. Lakini mbasa hawezi kuzaa popote apendapo. Hana budi kupita mlangoni mwa mto: mto kama Kiwira upande wa Kyela, au Ruhuhu uingiao ziwani karibu na Manda, katika Wilaya ya Ludewa, ambayo ilikuwa ya Mkoa wa Iringa mpaka Mkoa wa Njombe ulipoanzishwa mwaka 2012. Ziwa ni pana, lakini mlango ni mwembamba, na mtu mwenye wavu mrefu aweza kuuziba. Hapo ndipo penye shina la swali letu.

Ziko njia nyingi za kumvua mbasa. Mojawapo ni ile ambayo watu wa pwani huiita kurambaza, yaani kukokota mshipi wenye ndoano na chambo nyuma ya chombo kinachokwenda. Mbasa ni mwindaji; hukifuata chambo kile na kukiuma. Mvuvi wa namna hii hupata mmoja, hupata wawili, na siku nyingine hurudi mikono mitupu. Anachokichukua ni kidogo, na anachokiacha ni kingi. Njia nyingine ni wavu, nao wavu si dhambi. Petro na Andrea walikuwa wakitupa wavu ziwani Bwana alipowaita, na baada ya kufufuka Kwake aliwapa kwa wavu samaki wakubwa 153. Lakini wale walivua katika ziwa wazi. Kutega wavu ziwani ni jambo moja. Kuufunga mto ukingo hata ukingo, saa ile ile ambayo samaki wapanda na mayai yao, ni jambo jingine.

Twajua jibu la mvuvi, nalo si la kudharauliwa. Atasema: “Ninyi mlio mijini mwanunua unga dukani. Mimi shamba langu ni maji. Mbasa hupita kwa majira yake. Nikimwacha leo, jirani yangu atamshika usiku huu huu. Je, watoto wangu watakula huruma yangu kwa samaki?” Maneno haya yana uzito. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha ya kuwa mtu aliyefikwa na shida ya kufa, akichukua kilicho cha mwingine ili aokoe uhai, hatendi wizi. Kanisa haliwezi kusimama upande wa samaki dhidi ya mtoto mwenye njaa.

Lakini na tuyapime vema mafundisho hayo. Haki ya mwenye njaa yatoka wapi? Yatoka katika kweli hii, kwamba Mungu aliviumba vitu vya dunia viwafae watu wote. Basi, haki iyo hiyo imlindayo mvuvi mwenye njaa yawalinda na wengine: yamlinda mtu akaaye juu ya mto, ambaye hatapata kitu chini kukizibwa, yawalinda wavuvi wa Malawi na Msumbiji, tunaoshiriki nao ziwa moja, yamlinda na mtoto ambaye hajazaliwa bado, atakayeshika kafi ya mtumbwi miaka 20 ijayo. Mwenye njaa amepewa haki ya kula. Hakupewa haki ya kulibomoa ghala. Tena tuseme kweli: njaa ya nyumba moja hutulizwa na samaki wa chungu kimoja. Azibaye mto mzima akajaza matenga kwa matenga haongozwi na njaa, bali na tamaa ya faida. Na mara nyingi anayesimama majini usiku si mwenye wavu, bali ni kibarua wa mtu mwingine aliyelala nyumbani kwake. Huyo aliyelala naye atatoa hesabu.

Watu husema ya kuwa kitu cha wote hakina mwenyewe. Neno hili ni la hatari sana kwa roho. Kitu cha wote kina wenyewe wengi, na walio wengi zaidi miongoni mwao hawajazaliwa, wala hawawezi kupiga kelele wakiibiwa. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba mtu akikuta kiota njiani, na mama amelalia mayai au makinda, asimtwae mama pamoja na wanawe. Amwache mama aende zake. Hakuwakataza kula. Aliwakataza kukausha chemchemi ya chakula. Wazee wetu nao walionya: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Na Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si’ ya mwaka 2015, alitukumbusha ya kuwa dunia ni kama kitu cha kuazimwa, ambacho kila kizazi hukipokea na kupaswa kukikabidhi kwa kile kijacho. Hofu hii si ya bure, kwani mwaka 2006 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile ulimwandika mbasa katika orodha ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka.

Lakini tusimtwike mvuvi mzigo wote. Mbasa aweza kupona wavu, akafika juu, asikute pa kutagia. Changarawe ikifunikwa na tope, mayai hayapati hewa nayo hufa. Tope hilo latoka wapi? Latoka kwetu sisi wa milimani, tunaolima hata ukingoni mwa mto, tukakata miti iliyoushika udongo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, lakini ni wangapi kati yetu waiheshimu? Mkulima wa Rungwe au wa Njombe ambaye hajapata kuliona ziwa aweza kumpokonya mtoto wa Kyela au wa Manda chakula chake, naye asijue. Ujirani wa Kikristo hauishii mwisho wa kijiji. Hufuata maji yaendako.

Na sisi tununuao je? Kwaresima huangukia katika miezi ya mvua za nyanda zetu. Ijumaa hatuli nyama, nasi twaenda sokoni kutafuta samaki. Tena wengine wetu humchagua kwa furaha yule mwenye tumbo lililojaa mayai. Kujinyima nyama ni tendo jema la toba. Lakini ni toba gani, ikiwa twaacha nyama ya ng'ombe mmoja ili tule kizazi kizima cha samaki? Hatusemi ya kuwa alaye mbasa ametenda dhambi. Twasema ya kuwa mnunuzi ndiye amwitaye mvuvi mtoni, na ya kuwa siku ya kufunga maharage hutosha. Msomaji wa Iringa alaye samaki wa Mtera, na yule wa Mwanza alaye sato na sangara, wajiulize swali lilo hilo kwa maji yao wenyewe.

Limebaki neno moja la mvuvi ambalo hatujalijibu: “nikimwacha mimi, jirani atamshika.” Hapa mvuvi asema kweli. Kosa la jirani halihalalishi kosa langu, lakini wema wa mtu mmoja mtoni hautoshi. Wema wa namna hii hauna budi kuwa wa watu wengi pamoja. Kwa hiyo twawaomba Wakristo wa ukanda wa ziwa, katika jumuiya zao ndogo ndogo, na pamoja na vikundi vya ulinzi wa fukwe na maofisa wa uvuvi, wapatane jambo moja jepesi kueleweka: majira ya kupanda, mlango wa mto ubaki wazi. Wavu utegwe ziwani, mshipi urambazwe ziwani, bali njia ya mama aendaye kuzaa isifungwe. Na jumuiya itakayowaomba wavuvi wake wasubiri, basi iwe tayari kuisaidia kwa unga nyumba ambayo kusubiri huko kumeilaza na njaa. Kumwambia maskini aache, nasi tusimpe kitu, ni kumtwika mzigo ambao sisi hatuugusi hata kwa kidole.

Mtaka yote hukosa yote. Mbasa mmoja akiachwa apite leo usiku, hakuna atakayetusifu, wala hatutamwona tena. Watakaomwona ni watoto wetu, nao watajua, kwa kuwapo kwake au kwa kukosekana kwake, kama baba zao walikuwa watu wenye kumcha Mungu.