MAFUTA KWANZA, NYUNDO BAADAYE

Masomo: Zaburi 133, Wagalatia 6:1-5



Tunawasalimu ninyi nyote wa makazi haya, wenyeji wa siku nyingi na ninyi mliofika juzi ambao bado mko kwenye mahema ya mapokezi. Tunamshukuru Mungu aliyetuvusha msimu wa mvua. Mahindi yamekomaa, watoto wamerudi shuleni, na wengi waliokuwa wagonjwa wa malaria tunawaona tena ibadani. Jina lake lihimidiwe.

Safari hii tunataka kuwaletea neno kutoka mahali ambapo hatukutazamia kulipata, yaani chini ya mwembe ule trekta la kikundi cha wakulima linapoegeshwa. Wengi wenu mlipita pale mkatuona tumeinama juu ya chuma siku 4 mfululizo, mkauliza, "Wazee wa kanisa mmekuwa mafundi?" Leo tunawajibu.

Nyuma ya trekta huvutwa mashine ya kufyekea majani. Ndiyo inayosafisha uwanja wa mpira, kiwanja cha shule na kando ya barabara wanakojificha nyoka. Kati ya trekta na mashine hiyo kuna shafti inayochukua nguvu za injini na kuzipeleka kwenye visu. Shafti hiyo ina vipande viwili. Kimoja ni bomba la pembe nne, na kingine ni chuma cha pembe nne kinachoingia ndani ya bomba hilo. Vinazunguka pamoja, lakini vinapaswa pia kuteleza, kimoja ndani ya kingine, kama mkono unavyoingia na kutoka katika shati.

Kwa nini viteleze? Kwa sababu trekta likipanda tuta, likivuka mtaro au likikata kona, nafasi kati yake na mashine hubadilika. Mara inakuwa ndefu, mara fupi. Shafti isiyoteleza itasukuma giaboksi na beringi mpaka zivunjike, au itavunjika yenyewe.

Basi mvua zilipokwisha vijana wakaenda kufunga mashine, wakakuta vipande vile viwili vimeshikana. Kutu ilikuwa imekula ndani, na shafti haikurefuka wala kufupika hata kidogo.

Kijana mmoja dereva alitueleza jambo ambalo ndilo mlango wa somo letu. Alisema, "Wazee, hii haikukwama mwaka huu. Ilikuwa imeshakwama msimu uliopita. Lakini uwanja ni tambarare. Ikazunguka, majani yakakatwa, sikuona sababu ya kusema. Siku niliyovuka mtaro nikasikia kishindo, nikanyamaza."

KWANZA: Kuzunguka pamoja si kuungana.

Wapendwa, shafti iliyokwama bado inazunguka. Mtu akiitazama mahali tambarare ataona inafanya kazi vizuri. Hatajua lolote mpaka wafike mtaroni.

Hata sisi kama kanisa tunazunguka. Kwaya inaimba, sadaka inatolewa, akina mama wanafagia, na tunakaa ibadani saa 3 bila kuchoka. Lakini je, bado tunateleza? Mmoja akipungukiwa, mwingine anasogea? Mmoja akipandishwa, mwingine anampa nafasi bila kijicho?

Kwetu sisi mtaro ulikuja mwaka jana. Majina hatuyaandiki, na tumeomba ruhusa kwa wote wanaohusika kabla ya kuandika neno hili. Kuna familia mbili kati yetu zilizokimbia vita pamoja. Zilipanda lori moja, zikalala hema moja, na watoto wao walinyonya kwa mama wote wawili. Familia moja ilikuwa inangoja safari ya kwenda nchi ya mbali. Siku moja wakaambiwa faili lao limesimama, na hawakupewa sababu. Ndipo uvumi ulipoanza kwenye foleni ya maji: "Ni jirani yenu aliyekwenda kusema." Hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia. Lakini neno liliingia kama maji yanavyoingia kwenye bomba, likakaa humo, na kutu ikaanza.

Wote wawili waliendelea kuimba kwaya, mmoja sauti ya kwanza, mwingine sauti ya tatu. Tuliwasikia kila Jumapili tukasema, "Hawa wazima." Kishindo tulikisikia, na sisi wazee tukanyamaza kama yule dereva.

PILI: Nyundo ina gharama yake.

Turudi chini ya mwembe. Kabla mafuta hayajaletwa, vijana walichukua nyundo kubwa wakaipiga shafti kichwani, penye masikio yanayoshika krosi. Walipiga hadi jasho likawatoka. Shafti haikusogea, na sikio moja likapinda. Mmoja akatoa shauri kwamba ifungwe mnyororo kwenye mti, upande wa pili uvutwe na trekta. Hapo akatokea mzee wetu fundi, ambaye kabla ya vita alitengeneza matrekta katika mashamba ya miwa ya Kiliba, karibu na Uvira. Alisema, "Mnyororo ukikatika utamuua mtu. Na ninyi mnapiga mahali pazima. Palipokwama ni katikati, ninyi mnapiga kichwani."

Sisi tuliokuwepo tulitazamana, kwa sababu tulijua kwamba hivyo ndivyo tulivyofanya kwa zile familia mbili.

Jambo lao lilipofika kwetu tuliwaita mbele ya kanisa zima. Tuliwasomea Maandiko juu ya msamaha kwa sauti kubwa. Tukawaamuru washikane mikono, nao wakashikana. Kanisa likapiga makofi, tukaandika katika daftari kwamba jambo limekwisha. Jumapili iliyofuata familia moja haikuja, wala haikuja miezi mingi baadaye. Sikio lilikuwa limepinda.

Hatukuwauliza wamelia usiku ngapi kwa ajili ya faili lile. Hatukumwuliza yule mwingine ilikuwaje kupita kwenye foleni ya maji huku watu wanakunong'ona kwa jambo ambalo hujalitenda. Tulitaka liishe kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo leo, sisi wazee wa kanisa, tunaziomba radhi familia hizi mbili mbele yenu, kama tulivyokwisha kuziomba nyumbani kwao. Tulikosea.

TATU: Mafuta, siku, na mkono mwepesi.

Tuwaeleze jinsi mzee fundi alivyofanya, maana huenda kesho itawafaa pia mashambani.

Alianza kwa kuhakikisha injini imezimwa na ufunguo umetolewa, kisha shafti ikafunguliwa pande zote mbili ikawekwa chini. Alituonya kwamba shafti za namna hii kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika moja, yaani mara 9 kwa sekunde. Ikinasa kitenge au mkono wa koti, hakuna mtu mwenye nguvu za kujinasua. Hakuna kazi ya kurekebisha inayofanywa wakati kitu bado kinazunguka. Ndugu wakiwa katikati ya hasira, kwanza zima moto.

Kisha alivua vile vifuniko vya plastiki ili aone kutu ilipo. Akaisimamisha shafti, mdomo wa bomba ukiangalia juu, akamimina mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka ule ufa mwembamba. Baada ya hapo akanawa mikono, akaenda nyumbani. Vijana walishangaa. Alirudi jioni akamimina tena. Asubuhi akamimina tena.

Siku ya pili alichukua nyundo, lakini nyundo ndogo. Aligonga bomba kwa nje, taratibu, kulizunguka pande zote nne, kutoka juu hadi chini. Alisema mitikisiko midogo huifungua kutu ili mafuta yapate njia. Siku ya tatu alifuta mafuta ya nje, akamwagia bomba maji yanayochemka ili litanuke kidogo. Moto wa kuni aliukataa, kwa sababu moto huunguza grisi na mipira iliyo ndani ya krosi, na mafuta yenyewe yangeweza kuwaka.

Siku ya nne alipitisha gongo kichwani mwa shafti, akalitikisa kushoto na kulia. Nasi tukavuta. Akasema, "Hapana, msivute kwanza. Sukumeni ndani kidogo." Tukasukuma, ikaingia upana wa ukucha. Tukavuta, ikatoka upana wa ukucha. Tukafanya hivyo mara nyingi, ndani na nje, mafuta yakiongezwa, mpaka saa 10 alasiri ilipoachia. Kijana mmoja akaanguka chali na kipande mkononi, wote tukacheka.

Zaburi ya 133 inapotaka kueleza uzuri wa ndugu kukaa pamoja, haizungumzi juu ya kamba wala misumari. Inazungumza juu ya mafuta, yale yaliyomiminwa kichwani pa Haruni yakashuka ndevuni hadi kwenye mavazi yake. Mafuta hushuka yenyewe, polepole, yanafika mahali ambapo mkono haufiki. Naye Paulo katika Wagalatia 6:1 anawaagiza watu wa kiroho wamrejeze aliyeanguka kwa roho ya upole, huku kila mmoja akijiangalia nafsi yake. Neno la Kiyunani alilolitumia hapo kwa kumrejeza mtu ndilo lililotumika katika Mathayo 4:21, pale Yakobo na Yohana walipokuwa chomboni wakizitengeneza nyavu zao. Ninyi mliokulia kando ya Ziwa Tanganyika mnajua kazi hiyo. Hakuna mvuvi anayetengeneza wavu kwa nyundo. Anakaa chini, wavu magotini, tundu moja baada ya lingine.

NNE: Iliyofunguka inahitaji kutunzwa.

Shafti ilipotoka, kazi haikuwa imekwisha. Tulisugua kutu kwa brashi ya waya hadi chuma kikang'aa, tukapaka grisi. Wakati wa kurudisha vipande, mzee fundi alituonyesha kwamba vile vichwa viwili vya ndani lazima vielekee upande mmoja. Ukivipishanisha, vitaingia vizuri tu, lakini shafti itatetemeka na kuharibu mashine. Kichwa kilichopinda hakikufaa tena. Tulinunua kingine kwa fedha ya kikundi iliyokuwa ya mbegu. Hiyo ndiyo gharama ya nyundo. Na sasa kila siku ya kazi, kabla trekta halijaondoka, shafti inatiwa grisi, na mashine ikipumzika vipande vinatenganishwa na kufutwa.

Kumbukeni habari za Paulo, Barnaba na Marko. Marko aliwaacha njiani huko Pamfilia. Baadaye Barnaba alitaka wamchukue tena, Paulo akakataa, wakagombana hata wakaachana, kila mtu na njia yake (Matendo 15:37-39). Biblia haituonyeshi siku waliyopatana. Lakini Barnaba hakumtupa Marko, alisafiri naye hadi Kipro. Na miaka mingi baadaye Paulo, akiwa kifungoni, anaomba aletewe Marko kwa sababu anamfaa katika huduma (2 Timotheo 4:11). Mahali fulani kati ya kurasa hizo kulikuwa na mafuta, na kulikuwa na siku nyingi.

Wapendwa, mtauliza: na zile familia mbili, je?

Hatutawadanganya. Bado. Kwa miezi 2 sasa, wawili kati yetu wanakwenda kila Alhamisi, nyumba ya kwanza na nyumba ya pili. Hatuendi na daftari. Tunakaa, tunasikiliza, tunakula kilichopo, tunaomba, tunaondoka. Mara ya kwanza hatukupewa hata kiti. Faili bado limesimama, na hakuna aliyejua sababu. Lakini wiki mbili zilizopita mtoto wa nyumba moja alipandwa na homa usiku, na asubuhi mama wa nyumba ya pili alimtuma binti yake na sahani ya sombe na ugali. Hakusema neno. Sahani haikurudishwa tupu, ilirudi na chumvi ndani yake. Upana wa ukucha, wapendwa. Tunamshukuru Mungu kwa upana huo wa ukucha.

Nanyi tunawaomba mambo 3. Msilizungumze tena jambo la faili lile kwenye foleni ya maji, kwa maana ndiko kutu inakotoka. Mkikutana na familia hizi, wasalimieni kama ndugu, msiwaulize kama wamepatana. Na kila mmoja wetu ajikague mwenyewe: kuna mtu ninayezunguka naye kila Jumapili lakini hatutelezi tena? Kama yupo, usingoje mtaro, wala usiende na nyundo. Anza wiki hii na tone moja la mafuta, salamu, maji ya kunywa, au dakika 10 za kumsikiliza.

Tuombe: Ee Bwana, wewe uliyetukusanya kutoka vijiji vingi na njia nyingi za hofu, umimine mafuta yako mahali tusipofika. Utusamehe sisi wazee kwa haraka yetu. Uwaguse watoto wako wawili, na utupe subira ya kurudi asubuhi na jioni mpaka uifungue kazi yako. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu, Amina.

Ni sisi ndugu zenu katika Bwana,
Baraza la Wazee wa Kanisa