Iogopeni Saa ya Bei ya Kati

Wanangu, mimi fundi wa saa nina neno kuhusu hizi Rolex mnazoniletea mezani. Kila wiki hapakosi kijana wa kuvua saa, kuilaza juu ya kitambaa changu na kuniuliza, "Mzee, hii orijino?" Mwenye saa halisi ni nadra kuuliza hivyo. Yeye anakuja kusafishiwa mashine, kisha ananikodolea macho nisije nikaikwaruza.

Ile inayouzwa laki moja barabarani mimi siihofii sana. Bei yake yenyewe inakiri kuwa ni kopi. Muuzaji anajua na wewe unajua. Rolex Submariner mpya huko Marekani inauzwa zaidi ya dola 9,000, sasa pigeni wenyewe hesabu kwa shilingi. Msiba uko kwenye ile ya milioni nne au tano. Hapo bei imepanda kiasi cha kukuaminisha na imeshuka kiasi cha kukutia tamaa, tena saa haiji peke yake. Inakuja na boksi la kijani, kadi ya dhamana, na hadithi. Mjomba alikuwa anafanya kazi Muscat. Mwenye saa ana mgonjwa, anataka hela leo kabla ya jioni. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kinajitembeza kwa WhatsApp. Na hilo boksi na hiyo kadi msivitegemee, maana kuvighushi ni rahisi kuliko kughushi saa yenyewe.

Mara nyingi ni saa ileile ya kopi iliyonunuliwa Guangzhou au Dubai kwa bei ya kopi, mnunuzi wa kwanza akijua fika anachonunua. Akishaichoka anaiuza. Wa pili anaambiwa nusu ya ukweli. Ikifika kwa wa tatu imeshapata mjomba wa Muscat.

Mtaani mmefundishwa dalili mbili tatu, na wanaotengeneza feki wanazijua kuliko nyinyi. Mnaambiwa mshale wa sekunde wa feki unarukaruka, wa Rolex unateleza. Kurukaruka ni tabia ya saa za betri. Mashine inayojijaza kwa mtikisiko wa mkono, hata iwe ya bei ya chini, mshale wake unateleza vilevile. Tofauti ipo, ila ni ndogo: Rolex nyingi za leo zinapiga mara 8 kwa sekunde, mashine nyingi za bei nafuu mara 6. Fundi akiiweka sikioni anaijua. Mnunuzi aliyekwisha kuipenda hasikii kitu. Uzito nao si ushahidi tena. Ile lenzi ndogo juu ya tarehe, inayokuza mara mbili na nusu, zamani iliwaumbua. Tarehe ilikaa chini yake kama punje ya mtama. Sasa wengi wanaipatia.

Wanakoumbuka bado ni kwenye kazi inayohitaji gharama. Chukua Rolex Daytona. Ina viduara vitatu usoni: kimoja cha sekunde, kimoja kinahesabu dakika mpaka 30, kimoja saa mpaka 12. Kilegeze kitufe cha juu kwa kukizungusha, kibonyeze, mshale mrefu uondoke. Subiri dakika moja, kiduara cha dakika kisogee. Feki nyingi hapo zinakaa kimya, au viduara vinaonyesha siku za wiki, jambo ambalo Daytona haijawahi kufanya. Submariner nayo imeandikwa usoni kuwa inahimili maji mpaka mita 300, na zipo feki zinazoingiza mvuke kwa kutia udhu tu. Ukiona Submariner yenye mgongo wa kioo ili uione mashine, irudishe. Mgongo wake ni chuma kitupu.

Nikiifungua saa ndipo mengi yanapoonekana. Feki za chini zina mashine ndogo kuliko tumbo la saa, kwa hiyo imeshikizwa na pete ya plastiki ili isicheze. Katika Rolex plastiki hiyo haipo. Namba ya saa, ambayo kwa saa za miaka hii imechongwa kwenye ukingo wa ndani chini ya kioo, waghushi huchukua moja na kuichonga kwenye saa maelfu. Kwa hiyo namba kuwa sahihi hakukuthibitishii chochote.

Lakini zipo kopi za daraja la juu zinazoiga mpaka mashine, na zipo zilizochanganywa, uso halisi na ndani bandia. Kwa hiyo fundi wa mezani kama mimi akiona kasoro anaweza kukwambia kwa hakika kuwa saa ni feki. Kukuhakikishia kuwa ni halisi ni kazi ya kituo cha huduma cha Rolex wenyewe. Kampuni haiuzi saa mpya mtandaoni, inauza kupitia maduka iliyoyaidhinisha, na tangu 2022 baadhi ya maduka hayo yanauza hata zilizotumika, zikiwa na cheti. Anayekwambia ana mpya, kwenye Instagram, kwa punguzo, ameshajibu swali lako.

Na mnaosafiri, tahadharini. Uswisi tangu 2008 forodha inaweza kuichukua na kuiharibu hata saa moja feki uliyonunua kwa matumizi yako mwenyewe, na Ufaransa kukutwa nayo ni kosa la jinai.

Ukitaka kununua ya mkononi, mwambie muuzaji mkutane kwa fundi unayemchagua wewe, ifunguliwe mbele yenu wote, ada ulipe wewe. Akisema atasubiri nje, au fundi awe wa kwake, mtakie siku njema. Na kama umeshapigwa, tunza meseji na risiti za muamala, nenda polisi. Saa ivae ukipenda, ila atakayetaka kuinunua mkononi mwako mwambie ni kopi, na umtajie bei ya kopi.